Anasema anakula mara moja tu kwa siku na bado ananenepa: kalori zinaingilia wapi?

Mhudumu wa Mtaa ameuliza:

Wakuu, habari za jioni. Swali hili ni kwa maafisa lishe, wapishi na yeyote anayeijua vizuri hesabu ya chakula cha mjini.

Nipo kwenye huduma ya afya ngazi ya jamii, Temeke. Tukipima uzito na kiuno nyumba kwa nyumba, wanawake wa miaka 30 hadi 50 ndio wanaozidi, na jibu ni lilelile: "Mimi hata sili, nakula usiku tu." Siamini kwamba wanadanganya. Wengi kazi zao ni za kukaa: cherehani, genge, saluni, duka.

Chukueni siku ya kawaida ya mama wa miaka 38, urefu sentimita 160, kilo 75, fundi cherehani. Asubuhi chai ya rangi kikombe kikubwa, sukari vijiko vitatu vya chai vya kujaa, na chapati mbili za mgahawani. Mchana hali, anashushia soda ya chupa ya mililita 350. Saa 11 jioni chai ileile na maandazi mawili. Saa 3 usiku ugali na dagaa wa kuunga kwa nyanya.

Naomba mnioneshe kwa namba tatizo liko wapi, na nianze kumwondolea nini bila kumwambia alale njaa. Pia nisaidieni namna ya kuuliza, maana nikisema "unakula nini" naambiwa cha usiku peke yake. Vipeperushi vingi vinaishia kwenye "kula mlo kamili", na maneno hayo hayamsaidii mtu aliyesimama mbele ya meza ya chapati saa 1 asubuhi.

---

Kibaba amejibu:

Ndugu Mhudumu, umeuliza vizuri kwa sababu umeandika vipimo. Tuhesabu.

Kilo 75 ukigawanya kwa 1.6 mara 1.6 (urefu wake kwa mita) unapata BMI, yaani kipimo cha uzito kulingana na urefu, ya 29.3. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi, kuanzia 30 ni kiribatumbo, kwa hiyo mama huyu yuko mlangoni. Kwa umri, urefu na kazi yake ya kukaa, mwili wake unatumia kalori kama 2,000 kwa siku.

Asubuhi: kijiko cha chai kilichosawazishwa kina sukari gramu 4, kilichojaa kinafika 6 au 7. Vitatu vya kujaa ni gramu 20, yaani kalori 80. Chapati ya mgahawani, ikiwa kilo moja ya ngano imetoa 14, ina unga gramu 70 na mafuta kama gramu 11 ukijumlisha ya kukandia na ya kuchomea. Hapo ni kalori 350. Mbili ni 700. Mpaka saa 2 asubuhi ameshaingiza 780, na mwenyewe anasema amekunywa chai tu.

Soda ya mililita 350 ina sukari kama gramu 37, kalori 150. Jioni chai nyingine 80, na maandazi mawili ya gramu 50 kila moja ni kama 370. Jumla mpaka hapo 1,380, na sufuria ya ugali haijabandikwa.

Usiku: unga gramu 150 ni kalori 540. Dagaa wakavu gramu 30 pamoja na nyanya na kitunguu ni kama 130. Mafuta ya kuungia, fungu lake likiwa vijiko viwili vya chakula, ni 245. Jumla ya usiku 915.

Siku nzima ni kama 2,300. Zimezidi 300. Chakula cha usiku kinachosingiziwa ni asilimia 40 ya siku. Asilimia 60 imeingia kwenye vitu asivyovihesabu kama kula. Na angalia tena hizo 2,300 zimetoka wapi. Mafuta na sukari peke yake, kuanzia chai, soda, chapati, maandazi hadi dagaa, vinakaribia 900, na karibu zote hazina protini wala nyuzinyuzi za kumshikilia tumboni.

Kalori 300 zinaonekana ndogo, na hapo ndipo watu wanapopotea. Mwili ukiongezeka uzito matumizi yake nayo yanapanda, kwa hiyo mtu hanenepi bila kikomo. Kanuni inayotumika na watafiti wa uzito ni kwamba kila kalori 24 za ziada kwa siku, zikidumu, huishia kwenye kilo moja ya ziada: nusu ya ongezeko ndani ya mwaka mmoja hivi, karibu lote ndani ya miaka mitatu. Kwa hiyo 240 za kila siku ni kilo 10, na zinakuja polepole kiasi kwamba hakuna siku ambayo mtu anaweza kuinyooshea kidole.

Kwa nini hali mchana na bado saa 11 ana njaa kali? Kwa sababu kifungua kinywa chake ni ngano nyeupe, mafuta na sukari. Protini ni kidogo na nyuzinyuzi ni kidogo. Soda ndiyo mbaya zaidi kwa upande huu: sukari ya kunywa haishibishi kama ya kutafuna, kwa hiyo mtu hapunguzi kitu kingine kufidia zile 150. Saa 11 mwili unadai, na kilicho karibu na kibanda chake ni karai la maandazi.

Pa kuanzia, kwa mpangilio wa urahisi:

Kwanza soda iwe maji. Umeokoa 150 siku hiyohiyo.

Pili, chapati mbili ziwe moja na yai moja la kuchemsha. Chapati iliyotoka ni 350, yai ni 75, umeokoa 275 na protini imeongezeka. Akiweza kupata viazi vitamu vya kuchemsha, gramu 250 ni kama kalori 200 tu, na vinakaa tumboni.

Tatu, sukari. Usimwambie aache. Vijiko vitatu vya kujaa viwe viwili vya kujaa wiki ya kwanza, viwili vya kusawazisha wiki ya pili, kimoja wiki ya nne. Ulimi unazoea ukishushwa taratibu. Ukikatwa ghafla, sukari inarudi kwa mlango wa kashata.

Ugali usiuguse kwanza. Ukimwondolea cha usiku, ambacho ndicho mlo wake wenye dagaa na wa kukaa na familia, atakuacha na ushauri wako.

Namna ya kuuliza: usitumie neno kula. Anza na kuamka: "Jana ulipoamka, kitu cha kwanza kuingia mdomoni kilikuwa nini?" Halafu fuata saa, siyo milo. Ulikunywa nini, na ulikunywa na nini? Baada ya hapo? Mteja alikuja na chochote? Ukipika, unaonja mara ngapi? Watoto wakibakiza, nani anamalizia? Beba kikombe na kijiko chako, mwambie ajaze kama anavyojaza kwake, kisha sawazisha mbele yake aone tofauti. Uliza siku moja ya kazi na siku moja ya Jumapili, maana Jumapili ya wali nyama na soda ya familia haifanani na Jumanne.

---

Mzee wa Dona amejibu:

Mnazunguka mbuyu. Shida ni ugali wa saa 3 usiku. Wanga wa usiku mtu analala nao, unageuka mafuta. Aache ugali, au ale dona badala ya sembe, na chai atie asali. Wazee wetu walikula kabla jua halijazama na hawakuwa na vitambi.

---

Kibaba amejibu:

Shikamoo mzee. Kuhusu kula mapema nakubaliana na wewe kwa sababu nyingine: anayekula saa 12 au saa 1 usiku hahitaji maandazi ya saa 11, kwa hiyo jumla ya siku inashuka. Lakini wanga haungoji giza ili ugeuke mafuta. Kinachobaki baada ya matumizi ya siku, wiki na mwezi ndicho kinachohifadhiwa, kiwe cha asubuhi au cha usiku. Na wazee hao walilima na kutembea.

Dona ni bora kuliko sembe kwa nyuzinyuzi, vitamini na kushiba, na ningependa kila nyumba ile dona. Ila gramu 100 za unga wa dona na gramu 100 za sembe zote ni karibu kalori 360. Faida inakuja pale tu dona inapomshibisha kwa tonge dogo zaidi. Akila donge lilelile kwa kuwa "dona hainenepeshi", uzito haushuki hata kidogo.

Asali hivyohivyo: kijiko cha chakula kina gramu 21 na kalori 64. Sukari guru na juisi ya miwa, hesabu ni ileile. Kwenye mwongozo wake wa 2015, Shirika la Afya Duniani linaihesabu asali na sukari ya juisi kwenye fungu moja na sukari ya kuongezwa, na linataka fungu hilo lote lisizidi asilimia 10 ya kalori za siku, ikiwezekana lishuke chini ya 5. Kwa mtu wa kalori 2,000 hiyo ni gramu 50, au bora 25. Mama wa Temeke hapo juu ana 40 kwenye chai na 37 kwenye soda: 77 kabla ya ile iliyokandiwa kwenye maandazi.

---

Karai la Chuma amejibu:

Niongezee upande wa jikoni, maana ushauri wa "punguza mafuta" bila kuonesha mkono unavyofanya hauendi popote. Mafuta ya kupikia yana kalori 9 kwa gramu, zaidi ya mara mbili ya unga au sukari. Kijiko kimoja cha chakula ni 120. Mpishi anayemimina kutoka kwenye dumu bila kupima anaweza kumwaga vijiko vitatu zaidi na mkono usijue.

Mchuzi na dagaa. Wengi tumefundishwa kwamba mchuzi umeiva mafuta yakielea. Hayo yanayoelea ndiyo yaliyozidi. Kwa watu wanne weka vijiko viwili vya chakula, basi. Kitunguu kikaange kwa moto wa wastani na chumvi kidogo; chumvi inatoa maji ya kitunguu na kinaiva bila kushika. Kikianza kushika, ongeza kijiko cha maji, usiongeze mafuta. Tia nyanya, funika mpaka zivunjike zenyewe, ndipo dagaa waingie. Dagaa wachome kwenye karai kavu dakika tatu nne kabla ya kuoshwa: harufu nzito inapungua, na huwahitaji tena yale mafuta mengi ya kuwakausha. Kama mchuzi ulishapikwa na mafuta yako juu, uache utulie, chota kwa upawa.

Chapati. Punguza tonge kwanza. Kilo moja itoe 20 badala ya 14. Unga kandia kwa vijiko vitatu vya chakula vya mafuta na maji ya moto, acha ulale nusu saa ukiwa umefunikwa. Unga uliopumzika unasukumika mwembamba bila kupakwa mafuta mengi. Wakati wa kuchoma, choma pande zote mbili kavu mpaka madoa yatokee, kisha pakaa kijiko kimoja cha chai kwa chapati nzima. Hapo kila moja inakuwa kama kalori 240, na bado inakunjika. Inayokauka na kuvunjika imekosa maji kwenye kukanda au imekaa sana kwenye moto mdogo, siyo mafuta.

Maandazi. Yanayonyonya mafuta ni yaliyotiwa kwenye mafuta ambayo hayajapata moto, au karai lililojazwa mpaka likapoa. Dondosha kipande cha unga: kikizama na kupanda ndani ya sekunde chache kikiwa na mapovu, mafuta yako tayari. Kikikaa chini, subiri.

Chips. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndicho chakula cha jioni cha vijana wengi mjini. Kiazi kinapokuwa ndani ya mafuta ya moto, maji yake yanatoka kwa mvuke, na ule mvuke unayazuia mafuta yasiingie. Ukikitoa na kikaanza kupoa, mvuke uliobaki ndani unarudi kuwa maji, unaacha uwazi, na mafuta yaliyoshika juu yananyonywa ndani. Sehemu kubwa ya mafuta ya chips inaingia baada ya kutolewa, kwenye sekunde zile za mwanzo za kupoa. Kwa hiyo anayezitoa na kuzirundika kwenye kabati la kioo zikiwa zimelowa anazipa mafuta yote. Tikisa chujio kwa nguvu juu ya karai sekunde kumi, kisha mwaga kwenye karatasi na uzitandaze palepale zikiwa bado zinafuka.

Mafuta yawe ya moto sana, nyuzi 170 hadi 180. Kata vipande vinene kama kidole: vyembamba vina ngozi nyingi ya kunyonyea kwa uzito uleule. Vikaushe kwa kitambaa kabla ya kutia, na usijaze zaidi ya nusu ya karai.

Sasa chips mayai ya kawaida: chips gramu 250 ni kama kalori 700, mayai mawili 150, mafuta ya kikaango vijiko viwili 240. Karibu 1,100, na soda ya plastiki ya mililita 500 inaleta 210 nyingine. Hiyo ni zaidi ya nusu ya siku nzima ya mtu wa kazi ya kukaa, imeliwa kwa dakika kumi. Kwa anayeitaka bado: mwambie muuzaji nusu sahani ya chips, mayai mawili, kikaango kipanguswe mafuta badala ya kumiminwa, na kachumbari ijaze nusu nyingine ya sahani. Inashuka mpaka kama 600. Wauzaji wengi wanakubali ukilipa bei ya chips nusu na kachumbari ya ziada.

---

Binti Mkunazini ameandika:

Kwa sisi wa visiwani na pwani yote, ongezeni nazi na futari.

Nyama ya nazi moja ya gramu 350 ina mafuta zaidi ya gramu 100. Hayatoki yote kwenye kukamua, lakini tui la kwanza ndilo linalobeba mengi. Kosa linalofanyika ni kupikia tui la kwanza tangu mwanzo, kisha linakatika, mpishi anaongeza nazi nyingine. Pika maharage, mbaazi au samaki kwa tui la pili na la tatu, na la kwanza tia robo kikombe mwishoni kabisa ukikoroga, epua likianza kuchemka. Ladha ya nazi iko palepale kwa sehemu ndogo ya mafuta.

Wengi wanashangaa wanafunga mwezi mzima na Idi inawakuta wameongezeka. Ukiangalia mkeka wa futari utaona sababu: viazi vya nazi, tambi za sukari, kalimati zilizolowekwa kwenye shira, sambusa, kachori, na jagi la juisi ya embe au ukwaju iliyotiwa sukari kwa kikombe. Mtu mwenye kiu cha saa kumi na tatu anakunywa glasi mbili za juisi ile kwa pumzi moja, kisha anakula vya kukaangwa haraka kabla tumbo halijatoa taarifa. Ishara ya shibe inachukua kama dakika 20 kufika. Saa 4 usiku kuna wali, na daku bado.

Suluhisho lipo ndani ya ibada yenyewe. Tende tatu, maji glasi mbili, kaswali Maghrib. Ukirudi mkekani zimepita dakika 15 hadi 20, na njaa ile kali imeshatulia. Anza na uji wa pilipili manga usiojaa sukari au supu, halafu kitu kimoja cha wanga na kitoweo. Kitu cha kukaangwa kiwe kimoja kwa siku, leo sambusa kesho kachori. Tambi na kalimati ziwe za Ijumaa.

Na kula sinia moja ni jambo jema, silipingi. Ila kwenye sinia hakuna anayejua amekula kiasi gani, na anayekula polepole anajikuta anaharakishwa. Kwa nyumba yenye mtu wa kisukari au anayepunguza uzito, weka mboga na kitoweo sehemu yake mbele yake kwanza, wali wa katikati aufuate baadaye. Sufuria ibaki jikoni. Ikiwa karibu na mkeka kila mtu anaongezewa bila kuomba.

---

Mfamasia wa Zamu amejibu:

Mawili ya haraka kutoka upande wa dawa, halafu moja la vyakula vya viwandani.

Kabla ya kumhukumu mtu kwa chakula, muulize anatumia dawa gani. Prednisolone, insulini, glibenclamide, amitriptyline, olanzapine na valproate zinaweza kuongeza uzito, na sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu huongeza kwa baadhi ya wanawake. Asiache dawa mwenyewe. Arudi kwa aliyemwandikia. Mwenye uchovu usioisha, kusikia baridi kuliko wenzake, choo kigumu na hedhi iliyobadilika apelekwe kupimwa tezi la shingo. Anayetumia insulini au glibenclamide asianze kufunga au kuruka mlo bila daktari kurekebisha dozi, sukari itashuka kwa hatari.

Zile chai za kupunguza mwili zenye majani ya sena: zinafanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati kalori zimeshanyonywa kwenye utumbo mwembamba. Kinachopungua kwenye mizani ni maji na chumvi za mwili, na vinarudi siku mbili baadaye. Zikitumika kwa muda mrefu potasiamu inashuka na moyo unapata shida. Maji ya ndimu hayana madhara hayo, lakini hayayeyushi mafuta.

La vyakula vya viwandani: mwaka 2019 watafiti wa NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani, wakiongozwa na Kevin Hall, waliwaweka watu 20 kwenye kituo chao. Wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa sana, wiki mbili vyakula vya kawaida vya kupikwa. Milo yote miwili ililinganishwa kwa kalori, sukari, mafuta na nyuzinyuzi, na kila mtu aliachwa ale atakavyo. Kwenye vyakula vya viwandani walikula kalori kama 500 zaidi kwa siku na kuongezeka takriban kilo 0.9, kwenye vile vingine walipungua kiasi kama hicho. Pia walikula kwa kasi zaidi. Kwa hiyo mtoto anayepewa biskuti, krispi na juisi ya pakiti kila siku kwenye begi la shule hana ulafi. Chakula chenyewe kinamfanya apite kipimo. Na tafadhali, mtoto asiwekewe masharti ya kupunguza uzito kama mtu mzima. Badilisha kilichomo kwenye begi, mpe maji, ndizi au chungwa na karanga za kiganja kimoja, na urefu wake utaendelea kukua huku uzito ukitulia.

---

Mhudumu wa Mtaa ameandika:

Ahsanteni sana, hili la kuuliza kwa saa badala ya milo naanza nalo kesho. Shikamoo Mzee wa Dona, na wewe nakushukuru, maana hoja yako ndiyo ninayokutana nayo kila nyumba.

Swali la mwisho: nyumba nyingi chakula ni cha sufuria moja na mama hawezi kupima fungu la kila mtu. Je, kuna njia ya kujua mafuta na sukari ya nyumba nzima? Na kiuno mnapimia wapi hasa, maana wengine wanapima kwenye mkanda wa sketi.

---

Kibaba amejibu:

Ipo, na ni rahisi kuliko kupima sahani. Hesabu dumu.

Andika kwa kalamu juu ya dumu tarehe lilipofunguliwa. Likiisha, zidisha siku kwa idadi ya watu wanaokula hapo. Mfano: lita 5, siku 20, watu 5. Siku 20 mara watu 5 ni 100. Mililita 5,000 gawanya kwa 100 ni mililita 50 kwa mtu kwa siku, kama kalori 410 za mafuta ya nyumbani tu, bila chapati na chips za nje. Lenga dumu hilohilo lifike siku 35 hadi 40: hapo mtu anapata mililita 25 hadi 29. Usikimbilie kulifikisha kwa mwezi mmoja. Likitoka siku 20 kwenda 25 kwanza, ladha haibadiliki na hakuna atakayelalamika mezani. Wanaonunua mafuta ya kupima dukani waandike kila kipimo kwa wiki mbili, kisha hesabu ni ileile.

Sukari vivyo hivyo. Kilo 2 kwa wiki kwa watu 5 ni gramu 2,000 gawanya kwa 35, yaani gramu 57 kwa mtu kwa siku. Imepita ile 50 kabla mtu hajanunua soda. Kilo moja kwa wiki inawaleta kwenye 29. Mtoto mdogo akihesabiwa kama mtu mzima namba inapungua kwa uongo, kwa hiyo walio chini ya miaka mitano wahesabu nusu.

Namba hizi zina faida nyingine: hazimwaibishi mtu. Unazungumza na nyumba kuhusu dumu, siyo na mama kuhusu mwili wake. Baba anayepeleka hela ya dukani naye anaelewa haraka, maana dumu moja lililookolewa kila miezi miwili anaweza kulinunulia mayai. Baba huyohuyo umuulize na bia: chupa ya mililita 500 ina kalori kama 200, na tatu za Ijumaa na nyama choma ya mafuta haziingii kwenye hesabu ya dumu la nyumbani.

Kiuno: asipime juu ya kanga wala mkanda. Tafuta kwa vidole ubavu wa mwisho chini, kisha ncha ya juu ya mfupa wa nyonga. Katikati ya hapo ndipo tepu ipite. Asimame miguu imeachana kidogo, apumue kawaida, usome mwisho wa kutoa pumzi bila kukaza tepu. Mwanamke kuanzia sentimita 80 hatari imeanza kupanda, kuanzia 88 iko juu. Mwanaume ni 94 na 102. Kama tepu imekatika namba, chukua kamba yenye urefu wa mtu mwenyewe, ikunje mara mbili, izungushe kiunoni. Isipofika, kiuno kimezidi nusu ya urefu wake na apelekwe kupimwa sukari na presha.

Uzito apimwe mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi baada ya kutoka msalani na kabla ya chai. Kilo moja kupanda au kushuka ndani ya siku mbili ni maji na chumvi, usiiandike kama ushindi wala kushindwa. Nusu kilo kwa wiki inatosha. Mama wa kilo 75 akifika 71 na kubaki hapo, presha na sukari yake huwa zimeshaanza kuitikia. Kwa hiyo kwenye daftari lako weka 71 kama lengo la kwanza, na tarehe ya kufungua dumu pembeni yake.